Siku Gari Langu Lilipoziba Njia ya Jeneza

Jumapili ndiyo siku pekee uchochoro wetu wa Kariakoo unapumua. Siku nyingine mikokoteni huingia humo kushusha mizigo mbali na foleni ya barabara kubwa, na ukilala chini ya gari lako lazima uikunje miguu isikanyagwe. Kwa hiyo ilikuwa Jumapili, saa mbili asubuhi, nilipoliinua gari langu kwa jeki ili nitoe beringi ya tairi la mbele, upande wa kushoto.

Beringi hiyo ilikuwa inalia kwa miezi miwili. Aliyeisikia zaidi si mimi, ni bibi wa nyumba ya mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kliniki, na kila tukizunguka kona alinishika bega.

"Mjukuu, hili gari lako linasaga nini? Mahindi au mawe?"

Nilimwahidi kwamba Jumatatu, zamu yake nyingine ya kliniki, halitasaga kitu.

Katika kazi hii nina utaratibu wangu na siuvunji. Kwanza hendibreki na gia. Halafu mawe mawili, moja mbele na moja nyuma ya tairi la nyuma lililo mkabala na lile ninalolifungua. Nati nazilegeza gari likiwa bado chini, maana ukikazana nazo likiwa juu unalitikisa mwenyewe. Ardhi yetu ni mchanga uliofunika zege kuukuu lililopasuka, kwa hiyo chini ya jeki naweka kipande kipana cha mbao ya mninga. Jeki naikita penye alama mbili kwenye ukingo wa bodi, chini ya mlango, si pengine popote. Tairi likishatoka nalilaza chini ya ukingo huohuo, ili jeki ikiteleza gari liangukie mpira, lisiniangukie mimi. Stendi za chuma sina. Kila mwaka nasema nitanunua. Mafundi wa mtaani hutumia tofali, lakini niliwahi kuliona tofali la saruji likimong'onyoka chini ya gari, kimya kimya, kama biskuti kwenye chai. Tangu siku hiyo tofali siliamini.

Kufikia saa tatu na nusu nilikuwa nimetoa chuma kinachobeba tairi, ambacho mafundi wanakiita habu. Beringi imebanwa humo ndani, na haitoki kwa nyundo ya nyumbani, inataka presi, mashine ya umeme ya kusukumia vyuma vilivyobana. Nikakifunga kwenye gunia, nikakipeleka kwa miguu kwenye karakana za mtaa wa Gerezani. Fundi wa presi alikuwa na foleni. Akaniambia nikiache, nirudi saa nane.

Nilikunywa chai huko, nikanunua grisi, nikarudi bila haraka. Ilikuwa saa tano nilipokata kona ya kuingia kwetu nikaona viti vya plastiki. Vilikuwa vinashushwa kutoka kwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, vyeupe, vimebebana. Wanaume wawili walikuwa wanafunga turubai kutoka paa moja hadi jingine, kwenye mdomo wa uchochoro. Hakuna mtu anayekaa mjini humu asiyejua maana ya turubai na viti saa hizo.

"Nani?" nilimwuliza mmoja wao.

"Bibi wa mwisho. Saa nne kasoro. Alikuwa anakunywa uji."

Nilisimama na kopo la grisi mkononi. Nakumbuka jambo la kwanza lililonijia lilikuwa Jumatatu, kwamba sasa hakuna tena haja ya Jumatatu. La pili lilikuwa gari.

Nieleze uchochoro ulivyo. Ni nyumba nne za Kiswahili zilizobaki kati ya maghorofa, mbili kila upande, na mimi nimepanga vyumba vya mbele kwenye ya pili. Zamani ulikuwa na midomo miwili. Upande wa ndani ulitokea karibu na msikiti, na huko ndiko majeneza ya misiba yote yalikopitishwa, nimehudhuria mitatu. Lakini nyumba iliyokuwa nyuma yetu iliuzwa na kubomolewa, yakasimamishwa mabati, na nyuma ya mabati wakachimba shimo la msingi wa ghorofa, refu mpaka ukichungulia unashika ukuta. Tangu hapo tunaingia na kutokea upande mmoja. Nililijua hilo kila siku ya kwenda kazini. Asubuhi ile, nikiwa na jeki mkononi, sikulijua. Niliegesha pale ninapoegesha siku zote, kati ya nguzo ya umeme na baraza letu, nikaacha nafasi ya mkono kushoto, upande wa ukuta, ili nifanye kazi. Upande wa kulia ilibaki nafasi ya kupita mtu mmoja mmoja. Kati ya nyumba ya bibi na barabara kulikuwa na gari langu, miguu mitatu chini na mmoja hewani.

Mwana mkubwa wa bibi alikuja kabla sijamaliza kufikiri. Ni mtu mzima, ana duka la vitambaa mtaa wa pili, mpole. Nilimpa pole, akaitikia, akaliangalia gari.

"Jirani, linaondoka?"

"Saa nane kifaa kinakuwa tayari. Saa tisa naliondoa."

"Tunazika baada ya Alasiri. Jeneza linatoka saa tisa na nusu, tumswalie, twende."

"Litakuwa limeondoka."

Akanipiga bega, akaenda. Sikuwa na sababu ya kumdanganya na sikuwa namdanganya.

Nilitaka kuoga, nibadili nguo, nikakae na wanaume wenzangu kama jirani. Mimi si Mwislamu, ni mtu wa Masasi, lakini jirani ni jirani, na bibi yule alinipokea siku ya kwanza nilipoingia na godoro kichwani. Nikageuka kwenda bafuni. Nikasikia jeki inalia, mlio mdogo wa chuma juu ya chuma. Mwanaume mmoja alikuwa amekaa juu ya boneti, anaongea na simu.

"Kaka, samahani, shuka. Lipo kwenye jeki."

"Ah, sikuona."

Hawakuwa wanaona. Tairi halikuwepo upande wa ukuta, na anayetoka barabarani aliona gari zima, kivuli kizuri, pa kuegemea. Wageni waliongezeka, viti vikaisha, wakaegemea. Nikimwondoa mmoja, wa pili anaweka mgongo. Watoto wawili wa wageni waliingiza vichwa chini ya mlango kutafuta kizibo cha soda. Niliwatoa kwa kuwashika mashati. Hapo nikajua kwamba bafuni siendi. Nikachukua ndoo, nikaigeuza, nikakaa karibu na bampa ya mbele nikiwa na ovaroli ya mafuta. Nikawa mlinzi. Watu walipita wakinipa pole kama vile mimi ndiye mfiwa, wengine wakinitazama kama mtu aliyeona msiba usimzuie kutengeneza gari lake.

Mmoja ndiye aliyesema wazi. Alikuwa bibi wa Kinyamwezi, anauza mikeka na vyungu karibu na soko, mwembamba, sauti kubwa. Marehemu alikuwa Mzaramo, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Msiba wa mmoja ni uwanja wa mwenzake. Alikuja amefunga kanga juu ya suruali ya kiume, ungo kichwani, huku akiita mlangoni, "Mzaramo! Amka, unajifanya umekufa ili usinilipe mkeka wangu!" Waliokuwa wanalia wakacheka, wakaendelea kulia. Alipoliona gari akasimama, mikono kiunoni.

"Nani huyu?"

"Shikamoo bibi. Mimi jirani, yule Mmakonde wa nyumba ya pili."

"Marahaba. Jirani, kufunga njia ya maiti ni kazi yangu mimi mtani. Nani kakupa?"

"Bibi, jeki..."

"Mmakonde amenipora kazi! Jamani, mnaona? Marehemu hataki kutoka. Kamwita Mmakonde, kamwambia, toa mguu wa gari, Wazaramo wenzangu wasinitoe." Kisha akanisogelea, akaniambia kwa sauti ya chini, bila mzaha, "Mwanangu, kweli litatoka?"

"Litatoka bibi."

Saa nane kasoro robo nilimpigia fundi wa presi. Umeme ulikuwa umekatika Gerezani tangu saa tano. Beringi ya zamani ilikuwa imetoka nusu, imekwama. Nilimwuliza kama kuna presi ya mkono. Akasema ipo, mwenye nayo kaenda kwao Mkuranga. Nilibaki nimeshika simu sikioni baada ya yeye kukata.

Bila habu, tairi halina pa kufungwa. Nilizitazama njia nyingine moja baada ya nyingine. Kulivuta na gari jingine: mdomo wa uchochoro umejaa turubai, viti na watu, na upande usio na tairi ungelima mchanga. Kubomoa mabati: nyuma yake ni shimo. Kulishusha likae juu ya tairi lililolazwa, tuliache hapo hapo: nafasi ya kulia inabaki ileile, ya mtu mmoja.

Nilikwenda kumwambia mwanawe. Alikuwa kwenye jamvi na wazee. Nilichuchumaa nyuma yake nikamwambia sikioni, na niliona shingo yake ikikakamaa. Hakunifokea. Alinyanyuka, tukaenda pamoja, akapima nafasi ya kulia kwa mabega yake, akajipenyeza na kurudi.

"Jeneza haliwezi kupita hata tukilibeba mtu mbele mtu nyuma?" niliuliza.

Mtani alikuwa amesimama nyuma yetu. "Jeneza halibebwi kama ngazi ya fundi rangi," alisema. "Halafu hawa wanaume wote watataka bega. Watasukumana. Watalisukuma na gari."

Hilo ndilo lililokuwa linanitia jasho. Mazishi ya Kiislamu mjini humu hayatembei polepole. Jeneza likitoka, kila mwanaume anakimbilia kulipokea, hatua chache, anampokeza mwenzake, na wanaokuja wanapishana na wanaoondoka. Watu themanini wanapishana hivyo kando ya gari lililosimama juu ya jeki ya mkasi. Niliona miguu. Sikuona kitu kingine, niliona vidole vya miguu kwenye kandambili.

"Basi gari tulinyanyue," mtani alisema. "Wanaume mmejaa hapa, mmekula wali. Linyanyueni mlibandike ukutani."

Mwanawe alinitazama. "Inawezekana?"

Ni gari dogo, na watu kumi na wanne walikuwa wa kutosha. Tatizo halikuwa uzito. Tatizo lilikuwa ule upande wa ukuta. Mtu mmoja ilibidi awe ndani ya ile nafasi ya mkono: atoe jeki wakishalibeba, asogeze tairi lililolala na ile mbao, na kuvipanga tena chini ya ukingo kabla hawajalishusha. Asiyejua ukingo ulipo angeliweka gari kwenye bomba la breki, au juu ya mkono wake. Na gari likisogea, nafasi yake inapungua. Mbele kuna nguzo ya umeme, nyuma kuna baraza letu. Anayeingia, mpaka gari lirudishwe, hatoki.

"Inawezekana," nilisema. "Mimi nitakaa ndani."

Saa tisa na dakika kumi tulianza. Niliwapanga: sita mbele, wanne nyuma, wanne kulia chini ya milango. Niliwaambia wasishike bampa, itavunjika. Washike chini ya bodi, viganja juu, miguu iwe nje ya gari. Waliovaa kandambili niliwatoa. Mara mbili hazikutosha kueleza, nikaeleza mara ya tatu.

"Mwalimu, tumekuelewa," mmoja alisema. "Hata mtihani tutafaulu."

"Kwanza mbele. Hesabu ya tatu mnalibeba tu, hamlisogezi. Mpaka niseme."

Nilijipenyeza. Nikapiga magoti mchangani, shavu karibu na mlango wa gari, mgongo ukutani. Nilisikia bismillah ya watu wengi kwa pamoja, na gari likapanda. Jeki ikabaki wazi, haina mzigo. Niliingiza mkono mpaka begani, nikaipata, nikaivuta; ikateleza kutoka kwenye mbao, ikakwama kwenye ufa wa zege. Juu yangu mtu alisema, "Haraka, jamani." Niliivuta tena. Ikatoka. Nikatoa mkono, na wakati huohuo mmoja wao aliteleza, gari likashuka mbele na kutua kwenye tairi lililolala kwa mshindo mzito uliopanda mpaka kwenye meno yangu.

Walichungulia juu ya boneti.

"Mkono?" Ilikuwa sauti ya mwanawe.

"Upo."

"Vidole?"

Nilivihesabu kweli. "Vipo."

"Basi usitutishe," mtani alisema kutoka nyuma yao. "Maiti mmoja anatosha kwa leo, wali wenyewe hautoshi."

Walicheka, na nadhani kicheko kile kiliwapa nguvu, maana mara ya pili walilibeba gari kama meza ya chakula. Nilisukuma tairi kwa mguu, mbao juu yake, wakasogea nusu hatua kuja kwangu, nikaangalia ukingo, nikapiga kelele, "Shusha! Polepole!" Likakaa. Nyuma lilikuwa rahisi, matairi yote mawili yapo. Wakasogeza mara mbili. Mara ya pili kioo cha pembeni kilinigusa kifuani, na mlango ukanibana mapajani, na nikasema basi.

Upande wa pili walipima. Watu wawili na nusu sambamba. Inatosha.

Mimi nilikuwa nimesimama wima kati ya mlango na ukuta. Nilipovuta pumzi, mbavu ziligusa pande zote mbili. Ningeweza kupanda juu ya paa na kurukia upande wa pili. Mwanawe alinishauri hivyo. Lakini gari lilikuwa limekaa juu ya mpira na mbao, halijafungwa na kitu. Uzito wangu juu ya paa ungetosha kulitelezesha. Nilimwambia nitakaa. Niliweka viganja vyote viwili kwenye ukingo wa paa, nikaegemeza mgongo ukutani, ili wakilisukuma kutoka kule nami nilisukume kutoka huku. Saruji ya ukuta ilikuwa imefyonza jua tangu asubuhi. Joto lake lilikuwa linapenya kwenye ovaroli.

Walipotoka ndani sikuwaona, niliwasikia. Kwanza wanawake, sauti zao zikipanda kwa pamoja mlangoni, kisha La ilaha illa Llah ya wanaume, nzito, inakuja. Nilichokiona ni vichwa, kofia nyeupe, na juu ya vichwa kitambaa cha kijani kilichofunika jeneza, kinakuja kwa kuyumba. Gari lilianza kutetemeka kabla hawajafika. Viuno vilikuwa vinapita vinagusa milango. Mtu aliweka kiganja kwenye boneti kujizuia, nikasikia mbao inalia chini, nikasukuma. Nilisukuma mpaka nikaona nyota.

Walipofika usawa wangu walikwama. Aliyekuwa mbele kulia alikuwa mrefu kuliko mwenzake, jeneza likainama kuja upande wa gari. Nilimsikia mwanawe akisema, "Juu! Juu, mnyanyueni mama!" Mikono ikapanda mingi, wakaliinua juu ya vichwa vyao, mikono imenyooka, na ule ubavu wa kushoto wa jeneza ukapita juu ya paa la gari langu, karibu kabisa na uso wangu. Ningetoa mkono mmoja ningeligusa. Sikuutoa. Wote wawili walikuwa na kazi.

Likapita. Lilishuka mabegani kule mbele, chini ya turubai, na ile sauti ikakata kona.

Mwanawe alirudi mbio, viatu mkononi. "Jirani, njoo. Tuna nafasi kwenye kirikuu."

"Nenda. Siwezi kutoka."

"Tuwaite watu walisogeze?"

Watu walikuwa wameshaondoka. Alitazama barabarani, akanitazama, akaweka kiganja kwenye kioo cha mlango wa upande wake, akakimbia.

Uchochoro ukabaki na viti na wanawake. Wanawake hawaendi makaburini. Baada ya muda nilisikia mtu anakaa chini, upande wa pili wa gari, anavuta pumzi kama aliyebeba mzigo. Niliinama kadiri nilivyoweza, nikaona kupitia vioo viwili kilemba cha kanga cha mtani.

"Bibi, usiegemee."

"Siegemei. Nimekaa chini kama maskini." Kisha akasema, "Mwenzako amekwenda kuzikwa kaburini, wewe umezikwa hapa ukutani. Umesimama wima kama mlingoti. Wamakonde ndivyo mnavyozikwa?"

"Ndivyo, bibi."

"Nani anakulilia?"

"Hakuna. Wewe tu."

Nilimsubiri anirudishie. Mtani hamwachii mtu neno la mwisho, na yule kwa siku nzima hakuwa amemwachia yeyote. Niliona kilemba kikiinama, kisha sikukiona tena, na nikasikia analia, si kilio cha msibani cha sauti, ni kile cha mtu anayeziba mdomo kwa nguo.

"Alinitangulia sokoni kila asubuhi," alisema hatimaye. "Ananiwekea sehemu yangu. Halafu ananitukana kwa nini nimechelewa."

Nilisema pole. Nikaishusha mikono kutoka kwenye paa mmoja mmoja, taratibu, nikisikiliza kama gari litasogea. Halikusogea. Wanaume walirudi saa kumi na mbili, miguu ina udongo, na kumi na wanne kati yao, bila kuambiwa na mtu, wakajipanga palepale nilipowapanga.